Ndoa ya Hedimani wa Bethania

Bethania kilikuwa kijiji kimoja chenye vijiji viwili ndani yake. Upande wa juu, karibu na kanisa, walikaa wana wa misheni, watu ambao wazazi wao waliokolewa utumwani, wakalelewa Mombasa, kisha wakaletwa huku kando ya mto Sabaki kulima na kujenga. Upande wa chini, karibu na mashamba ya mahindi, walikaa Wagiriama waliobatizwa. Jumapili waliimba pamoja kwa sauti moja. Jumatatu kila upande ulichota maji kwa njia yake.

Miaka michache kabla ya vita vile vikubwa vya Wazungu, Bwana Shauri wa Malindi, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alituma askari na agizo. Bethania itoe hedimani mmoja wa kukiongoza kijiji, mtu mzima mwenye nyumba na mke, aliyekubaliwa na wazee wote. Yeye mwenyewe atakuja baada ya mavuno kumthibitisha. Akikuta bado wanavutana, atakigawa kijiji: upande wa juu ataupeleka chini ya hedimani wa Ganda, na upande wa chini atauhamishia mbali na mto.

Basi hapo ndipo mvutano ulipoanza. Wana wa misheni walisema hedimani atoke kwao, kwa kuwa ndio waliozoea mambo ya serikali. Wagiriama waliuliza, ardhi hii mliikuta na nani? Wa chini walimtaka Kenga, kijana mrefu mwenye sauti nzuri, aliyependa kusikilizwa hata pale asipokuwa na la kusema. Wa juu walimtaka Zakaria Farjallah, fundi seremala. Farjallah hakuwa na adui. Mama yake Garama, mkubwa wa wazee wa upande wa chini, alipofariki, Farjallah ndiye aliyekesha akitengeneza jeneza, wala hakusubiri kuombwa. Lakini wazee wa chini walikuwa na neno moja ambalo halikujibika: hana mke, na baya zaidi, hana ukoo. Baba na mama yake walikuwa wamekufa, na hakuna aliyejua walikotoka kabla ya minyororo. Mtu asiye na ukoo, walisema, utamshitaki kwa nani akikukosea?

Nyevu alikuwa binti wa Garama huyo. Tangu utotoni alipenda mambo ya baraza kuliko ngoma. Alisimama nyuma ya ukuta wa makuti, akasikiliza, na baadaye akamwambia babake nani amesema kweli na nani amepiga domo. Garama aliguna kila mara kana kwamba hakusikia, na kesho yake akatenda kama alivyoambiwa.

Umri wake ulikuwa umepita ishirini na tano. Mchumba wake wa kwanza alikwenda Mombasa kupakua meli, akarudi na mke kutoka Rabai. Nyevu hakulia sana. Kilichomchosha ni huruma za watu, maana kila mwanamke aliyekutana naye njiani alimsalimu kama anayesalimu mgonjwa.

Mvutano ulipofika wiki ya tatu, na wazee wawili wakaacha hata kuitikiana salamu, Nyevu aliomba, akafikiri, akaomba tena, kisha akamchukua rafiki yake Kabibi wakaenda kwenye karakana ya Farjallah. Alimwacha Kabibi nje, akae mahali pa kuonekana, watu wasije wakazua.

"Fundi," alisema, "unautaka uhedimani?"

Farjallah aliweka randa chini. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mpole wa macho, na nywele zake hazikukosa unga wa mbao. "Siutaki, Bi Nyevu. Ila sitaki pia tugawanywe. Mama yangu amezikwa hapa."

"Unakosa vitu viwili. Mke, na ukoo. Vyote viwili vinapatikana kwangu."

Farjallah alimtazama, akatazama mlango, akamwona Kabibi ameketi amewapa mgongo, akamrudia tena Nyevu. "Unaniposa?"

"Nakupa shauri. Ukipenda kuliita posa, ni juu yako."

Fundi alicheka. Hakucheka kwa dharau, bali kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua ataishika wapi. Kisha uso wake ukatulia. "Kanisani tutaapa kupendana. Mimi siwezi kumwambia Mungu uongo."

"Hilo ndilo lililonisumbua," alikiri Nyevu. "Sina jibu lake. Nilidhani pengine wewe unalo."

Farjallah alipapasa ubao uliokuwa mbele yake. "Mtu akiniagiza mlango, namwahidi mlango. Sijauona bado. Nina magogo tu. Lakini naahidi, na kila siku nafanya kazi yake mpaka usimame. Kupenda kwa namna hiyo naweza kuahidi bila kusema uongo. Wewe je?"

Nyevu hakutazamia jibu la aina hiyo. "Naweza," alisema. "Kwa sharti moja. Hakuna neno utakalolipeleka barazani kabla sijalisikia."

"Nami nina langu. Siku ukinichoka, uniambie mimi kwanza kabla hujamwambia mtu mwingine."

Wakapeana mikono kama wafanyabiashara, na Nyevu akatoka nje. Kabibi alimwuliza, "Vipi?" Nyevu akajibu, "Naolewa." Kabibi akakaa chini tena.

Garama alipopelekewa habari alimaliza kula kwanza. Kisha akasema, "Wazo hili ni lako." Nyevu akaanza kukusanya vyombo. "Nilijua. Fundi hana hila ya namna hii." Lakini alikubali, kwa sababu alikuwa mtu mwenye akili, na kwa sababu jeneza la mama yake lilikuwa zuri.

Posa ilikuwa na kichekesho chake. Mila ilitaka kadzama, ule mtungi wa tembo la mnazi, uwekwe mbele ya wazee. Misheni ilikataza tembo. Mwalimu wa kanisa na wazee walibishana asubuhi nzima, mwisho wakaafikiana: mtungi uwe uleule, ila ndani yatiwe maji ya madafu. Wazee waliupokea kwa heshima zote, wakanywa wakikunja nyuso kama watoto wanaopewa dawa. Mzee Karisa, aliyekuwa mkongwe kuliko wote, alisema hajawahi kuona binti akitolewa na watu wasiolewa namna hii.

Wakaoana mwezi uleule. Nguo ya bi harusi ilinunuliwa Malindi katika duka la Fakhruddin, naye mwenye duka aliongeza utepe alipoambiwa bwana harusi ndiye aliyemtengenezea rafu zake. Walipofika kwenye viapo, Farjallah alisema kila neno taratibu, kama anayepima ubao asije akaukata mfupi. Nyevu alisema yake kwa sauti iliyofika nje. Alimaanisha kila alichoahidi, na bado alijua anaolewa ili njia mbili za maji ziwe moja.

Nyumba ilikuwa na chumba kimoja cha kulala. Farjallah alimwachia Nyevu chumba hicho pamoja na ufunguo wake, yeye akaweka kitanda katika karakana, nyuma ya magogo. Halikuzungumzwa. Wazee wa chini walikaa, wakamwita Farjallah mkwe wetu, wakamweka kitini kwa kauli moja wakimsubiri Bwana Shauri. Kauli moja, isipokuwa ya Kenga, aliyekuwa mtoto wa ami yake Nyevu. Yeye alikohoa wakati wa kukubali, na hakuna aliyejua kikohozi kile kilikuwa ndiyo au la.

Ikaanza kazi. Kila jioni, wakila, Nyevu alimfundisha mumewe kijiji: nani hasemezani na nani, shamba gani lina mpaka unaotembea, mzee yupi husema hapana akimaanisha apewe kiti cha mbele. Alimfundisha pia Kigiriama, maana Farjallah alizoea Kiswahili cha misheni tu. Mwanafunzi alikuwa na bidii lakini hakuwa na sikio. Siku alipoombwa kufungua baraza kwa sala, alitaka kuombea mudzi, yaani kijiji, badala yake akaombea madzi, yaani maji. Alimwomba Mulungu kwa moyo wote alete madzi mema, madzi mengi, madzi yenye amani. Wazee waliitika amina wakiuma midomo. Mvua ilinyesha kwa siku tatu. Sabaki ikapanda, ikaingia mashamba ya kunde, na Kabibi akaokota kambare jikoni kwake. Tangu hapo watu wa chini walimheshimu sana, wakamwomba kwa adabu awe anasali Kiswahili.

Nyevu alicheka hadi akaegemea ukuta, na Farjallah, badala ya kuona haya, alimtazama akicheka kana kwamba ndiyo malipo ya kazi yake yote.

Lakini lililombadilisha Nyevu halikuwa hilo. Asubuhi moja alikwenda nyuma ya ukuta wa baraza, pale alipozoea kusimama tangu utotoni, akakuta benchi. Lilikuwa benchi la mvule, fupi, lenye mahali pa kuegemea mgongo, na limewekwa mkabala na tundu la makuti alilokuwa akichungulia. Farjallah hakuwa amemwambia neno. Nyevu aliketi. Upande wa pili wa ukuta alimsikia mumewe akiongeza sauti kidogo, ili mtu aliye nyuma asipitwe.

Siku ile hakusikia baraza ilihusu nini.

Baada ya hapo alianza kugundua mambo. Aligundua kwamba anajua mlio wa msumeno wake, na ukinyamaza hutoka kuangalia kulikoni. Aligundua kwamba kuku akichinjwa, anamwekea kidari kabla hajamwekea babake. Alimwomba Mungu amwonyeshe la kufanya, maana aliona aibu. Aliyekuja na shauri la siasa atarudije na shauri la moyo? Farjallah alikuwa ametimiza mapatano yao yote. Labda kwake mapatano yalitosha.

Mavuno yalipokaribia kwisha, Kenga alikwenda karakana kuomba mpini wa jembe. Farjallah hakuwapo. Kenga alizunguka nyuma ya magogo kujichagulia, akakiona kitanda, na shuka iliyokunjwa vizuri, na viatu vya fundi chini yake.

Alingoja baraza. Nyevu alikuwa kwenye benchi lake aliposikia sauti ile nzuri ikisema, "Wazee wangu, nauliza. Hedimani wetu analala wapi? Maana mimi nimekiona kitanda chake, kiko kwenye maranda. Mke yuko peke yake nyumbani. Hii si ndoa. Binti yetu amefanywa ngazi, mtu amempanda akafika kitini."

Wazee waligeukiana. Kisha Garama, kwa sauti ya mtu aliyezeeka ghafla, akauliza, "Mkwe, ni kweli?"

Nyevu alichungulia. Farjallah alisimama, akavua kofia yake. "Alichokiona Kenga kipo," alisema. "Niliingia katika ndoa hii kwa ajili ya baraza. Sitasema uongo. Kama hilo linaitia nyumba ya Garama aibu, kiti nakirudisha leo, mpeni Kenga. Mke simrudishi, isipokuwa atake mwenyewe kuondoka."

Akaivaa kofia yake, akatoka.

Nyevu alifika nyumbani kabla yake. Farjallah alipoingia alimkuta amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

"Nani amekuambia utoe kiti?"

"Umesikia walivyokutaja. Ngazi."

"Mimi ndiye niliyekuwa ngazi, na nilijiegemeza ukutani kwa hiari yangu. Kiti kile tulikipata wawili, Zakaria. Unakitoa peke yako kama kuku uliyemfuga mwenyewe?" Hakuwahi kumwita kwa jina lake la ubatizo, na wote wawili walilisikia. "Tuliahidiana nini? Hakuna neno liende barazani kabla sijalisikia."

"Hata mimi sikuwa nimelisikia," alisema Farjallah. "Lilitoka lenyewe."

"Lipi? La kiti?"

"La mke. La kiti lilifuata tu."

Nyevu alichukua kawa, akafunua sahani ya wali. "Kula," alisema. "Chakula kinapoa." Naye akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Kabibi.

Asubuhi wazee wote walikusanyika tena kumpa Kenga kiti. Farjallah alikwenda kukabidhi, akaketi pembeni na kofia magotini. Garama alikuwa ndiyo kwanza anasafisha koo walipoanza kusikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisa, lakini uliimbwa kwa mwendo wa harusi, na ulikuwa unakuja kutoka upande wa juu. Wakageuka wote.

Kinamama walikuwa wakija kwa njia kuu. Wanne walibeba kitanda vichwani, wawili wa misheni mbele, wawili wa Kigiriama nyuma, na Kabibi alitangulia akipunga shuka kama bendera. Viatu vya fundi vilikuwa juu ya kitanda, vimepangwa. Nyevu alitembea nyuma yao, amevaa ile nguo ya Fakhruddin pamoja na utepe wake. Walikipitisha kitanda mbele ya baraza polepole, kila mzee akione vizuri, wakaendelea nacho kuelekea nyumba ya Farjallah. Nyevu hakufuatana nao. Aliingia barazani.

"Shikamooni, baba zangu," alisema.

Wakaitikia marahaba, kwa mazoea tu, kabla hawajakumbuka kwamba mwanamke hasimami hapo.

"Kaka Kenga amesema kweli," aliendelea Nyevu. "Ila hakumaliza. Fundi hakunipanda kufika kitini. Mimi ndiye niliyekwenda karakana kwake nikamposa. Kabibi ni shahidi. Niliona mnakigawa kijiji kwa ulimi kabla Bwana Shauri hajakigawa kwa kalamu, nikatafuta dawa. Nauliza, ni nani hapa aliyempenda mkewe kabla ya kumwoa?"

Wazee wakatazamana. "Mimi wangu nilipewa ili kumaliza ugomvi wa mbuzi," alisema Mzee Karisa. "Mwaka wa kwanza tuliogopana."

"Na sasa?"

Mzee alifikiri. "Sasa namwogopa mimi tu."

Kicheko kilipasuka, na hata Garama akaziba mdomo kwa mkono. Nyevu alingoja kiishe. "Basi mmeoana kwa mbuzi na kwa mipaka ya mashamba, na Mungu akawajalia upendo humo humo. Mimi niliolewa kwa ajili yenu nyote. Mbele ya Mungu niliahidi kumpenda mtu huyu, nikaifanya kazi hiyo siku kwa siku bila kujua imefika wapi." Hapo sauti yake ilipungua, kwa mara ya kwanza. "Nimegundua imekamilika kitambo. Sikujua namna ya kumwambia, ndipo nikahamisha kitanda."

Farjallah alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa imeanguka, naye hakuiokota. Hakuna mtu pale aliyehitaji kuambiwa lolote.

Garama alimgeukia Kenga. "Mwanangu, una neno?"

Kenga alikuwa mtu wa majivuno, lakini hakuwa mtu mbaya, na alijua kuhesabu nyuso. Aliwatazama wazee wa juu na wa chini, waliokuwa wamechanganyika kwenye viti bila kujua, wakifutana machozi ya kicheko. "Nilisema nilichokiona," alisema. "Sasa nimeona kingine." Kisha akaongeza, maana hakuweza kujizuia, "Lakini hedimani atahitaji msemaji. Sala zake tunazijua."

Wakakubaliana hivyo: Farjallah kitini, Kenga msemaji wake mbele ya watu wa nje. Mwalimu wa kanisa akaomba, kwa Kiswahili.

Nyevu na mumewe walirudi nyumbani wakakuta shida mpya. Kinamama walikuwa wamesimama nje na kitanda, hakiingii. Mlango ulikuwa mwembamba.

"Nani aliyeutengeneza mlango huu?" aliuliza Kabibi kwa upole.

Farjallah alileta nyundo na patasi, akaanza kuung'oa, fremu na vyote, huku nusu ya kijiji ikimpa mashauri. Nyevu alimshikia ubao. Vichwa vyao vilikuwa karibu, na kelele za watu zilikuwa nyingi, kwa hiyo aliweza kumwambia polepole bila kusikiwa.

"Benchi lile. Ulilitengeneza lini?"

"Wiki ya harusi. Nikaogopa kulileta."

"Uliogopa nini?"

"Usije ukadhani ni la baraza."

Nyevu aliinamisha uso, akaugeuza ubao upande wa pili ingawa haukuhitaji kugeuzwa.

Bwana Shauri alifika keshoye, siku mbili kabla ya alivyotazamiwa, akiwa na askari wake na jasho jingi. Wazee wa juu na wa chini walimpokea pamoja. Aliuliza kama wote wamekubali, wakasema wote. Akataka kuiona nyumba ya hedimani, akapelekwa, akasimama mbele ya lile tundu kubwa ukutani ambalo mtu angeweza kupitisha punda.

"Mbona nyumba ya hedimani haina mlango?" aliuliza.

Wazee walitazama juu. Farjallah alitazama chini. Kenga akapiga hatua moja mbele, akasafisha koo lake zuri.

"Unapanuliwa, Bwana," alisema.